Namna ya Kupanga Mwisho wa Perpetua

Jumatatu, 4 Julai 2011

Diski ya nane ya filamu ya Perpetua imekufa! Musoni aliisahau juu ya jenereta ya ukumbi wake wa video, ikapinda kama chapati. Kijiji kizima cha Kashojwa tumeachwa njiani. Diski ya saba iliishia Leonora akigonga mlango wa Perpetua. Mlango ukaanza kufunguka. Basi.

Kwa asiyejua (lakini nani hajui?): Perpetua ni tajiri mwenye roho mbaya. Leonora alikuwa mtumishi wake. Siku Leonora alipojifungua, Perpetua alimwiba mtoto, akamwambia mama mtu kwamba amekufa. Miaka kumi na minne imepita, na leo ndiyo Leonora amepata habari. Wanawake walikataa kutoka ukumbini. Mke wangu Pélagie alimwambia Musoni kwamba amewafanyia ukatili.

Musoni, kwa kujiokoa, akatangaza shindano. Jumamosi ya tarehe 16, mwenye uwezo atunge mwisho, aje auseme mbele ya watu. Mshindi atapewa kiti cha Déo.

Kiti cha Déo! Déo alikuwa mtafsiri wetu, mtu wa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti akieleza filamu kwa Kiswahili. Mwezi uliopita alipanda ndege kwenda Amerika na familia yake. Lugha za filamu zile hakujua hata moja. Alitazama picha, akasema.

Kiti hicho ni changu. Kule kwetu Kabare nilifundisha darasa la sita miaka kumi na moja. Hapa mimi ni Baba Sonia, au "ule wa sabuni", kwa kuwa nauza sabuni. Tangu tuvuke mpaka, miaka minne sasa, hakuna mtu aliyeniita Mwalimu. Inaniuma. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumanne, 5 Julai

Nimeanza. Wasio na elimu hukimbilia kutunga. Mimi napanga kwanza.

Nimejiuliza: hadithi inaaminika vipi? Jibu kila mtu hapa kambini Nakivale analijua. Inaaminika kama ya kwenye mahojiano ya wakimbizi. Tarehe ziwe zile zile mara ya kwanza na mara ya tatu. Kwa hiyo kila mhusika nimemfungulia faili. Jina, mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watu nyumbani, sababu ya kuondoka kwao, alilala wapi usiku wa kwanza. Sababu ya Leonora kuondoka kwao imenichukua asubuhi nzima.

Pélagie aliuliza kama Leonora ameshaingia ndani ya nyumba. Nikamjibu kwamba bado tuko kwenye uandikishaji. Akasema maharage yanataka palizi.

Alhamisi, 7 Julai

Habari za wapinzani. Viviane wa saluni hashindani, anataka kusikiliza tu. Vizuri. Wawili wengine wamejitoa. Amebaki mmoja: Nyirabizimana!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyirabizimana ni bibi anayeuza mahindi ya kuchemsha mlangoni pa ukumbi. Ndani hajawahi kukaa hata siku moja. Yeye husema mwanga wa televisheni unamsumbua macho, lakini wote tunajua ni ubahili. Diski zote saba amezifuata kwa masikio, kupitia turubai. Hajamwona Perpetua. Anaamini Rodolfo, baba wa mtoto, ni mnene! Nilimweleza kwamba Rodolfo ni mwembamba kama mti wa bendera. Akakataa. Alisema mtu mwembamba hapumui vile.

Kusoma hajui. Kuandika hajui. Namwonea huruma.

Ijumaa, 8 Julai

Majalada yamefika kumi na tisa. Mwisho wenyewe bado sina. Kila nikifika mlangoni, Leonora anasimama, nami nasimama.

Nimepata akili. Mbarara! Huko mjini lazima iko diski ya nane nzima. Nitaitazama, nitarudi, nitapanga kutokana nayo. Huo si udanganyifu, ni utafiti. Pélagie nimemwambia jino linanisumbua, la kushoto, lazima nikaonwe Mbarara. Akasema pole.

Jumamosi, 9 Julai

Mbarara. Duka la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu wanayo! Muuzaji aliniambia, "Perpetua iko, lakini ile ya Luganda." Luganda sijui hata salamu. Nikamwomba aiweke kidogo nione kama inacheza vizuri. Akaiweka.

Mtafsiri wa Kiganda alipiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Muuzaji alicheka hadi machozi. Nikamuuliza Perpetua anasema nini. Akanijibu, "Mzee, huyu mutu nasema mambo yake tu. Hiyo hapana kwa filamu." Nikaamua kutegemea macho yangu. Niliona mambo matatu. Leonora amevaa gauni jeupe. Jeneza. Perpetua amepiga magoti mbele ya farasi wa kahawia. Hapo umeme ukakatika, barabara nzima. Nilingoja saa mbili. Haukurudi.

Haidhuru. Gauni, jeneza, farasi. Nyirabizimana ana nini?

Nyumbani Pélagie aliuliza jino likoje. Nikamwonyesha. Akasema, "Baba Sonia, jana lilikuwa la kushoto." Nikasema maumivu yanahama. Hakuniletea chai.

Jumanne, 12 Julai

Kazi ni kubwa. Mambo yote lazima yaelekee kwa farasi. Nimemfungulia faili lake. Alizaliwa 1988, hana ndugu, anaishi katika nyumba ya Perpetua kama mtegemezi. Jeneza nimempa Rodolfo. Gauni jeupe bado nalifikiria.

Nimechora chati. Karatasi nne za mifuko ya unga, nimeziunganisha kwa uji mzito. Wahusika kushoto, miaka juu, mishale myekundu na ya buluu. Ni kitu cha kupendeza! Niliianika juani, nikaingia kunywa maji. Kutoka nje, nakuta kuku wa jirani wanakula uji na karatasi pamoja. Upande wote wa Leonora umekwenda. Nimeuandika upya kutoka kichwani. Kichwa changu hakikosei tarehe.

Alhamisi, 14 Julai

Nilikwenda kununua hindi, lengo likiwa upelelezi. Nilimuuliza Nyirabizimana ana wahusika wangapi. Akasema ni wale walio ndani ya nyumba. Nikamuuliza mlango ukifunguka nini kinatokea. Akasema, "Sijue bado. Ningali nasikiliza."

Siku mbili zimebaki, naye anasikiliza! Nilimshauri kwa upole ajitoe, asije akaaibika mbele ya watu. Alinishukuru, akaniongezea hindi la pili. Lilikuwa tamu. Bado namwonea huruma.

Jumamosi, 16 Julai

Naandika huku kalamu ikitoboa karatasi. Ni hasira.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakainua turubai kuchungulia. Nilianza mimi. Nikatundika chati. Watu wakasema "aaah!" na moyo wangu ukapanda. Nikaeleza mpangilio: kwanza wahusika, pili miaka, tatu mishale, halafu ndipo mlango ufunguke. Nilikuwa nimefika kwa mhusika wa saba tu Viviane akanyoosha mkono. Akauliza Leonora alizaliwa mwaka gani. Nikasoma kwenye chati: 1976. Akauliza mtoto alizaliwa lini. Nikasoma: 1984.

"Kwa hiyo alizaa na miaka munane?"

Nikasema ni kosa la mkalimani.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kusema hivyo mbele ya meza ya mahojiano. Baada ya hapo hawakunihurumia. Usiku wa kwanza alilala wapi? Kanisani. Lakini dakika tano zilizopita ulisema kwa shangazi! Shangazi ana watoto wangapi? Wanne. Kwenye chati mbona watano? Watu ambao mwaka mzima wanaulizwa, leo wamepata wa kumuuliza. Hata Pélagie alinyoosha mkono. Mke wangu! Akauliza Rodolfo alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema jino. Sijui lilitoka wapi.

Nikakimbilia kwa farasi, maana farasi ndiyo nguvu yangu. Kutoka mlangoni sauti ya Nyirabizimana ikasema, "Ule farasi alikufa mu diski ya pili. Nilisikia bunduki."

Kisha wote wakakumbuka. Kweli, alipigwa risasi. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa mbele kabisa.

Viviane akasimama, akakunja uso kama afisa, akatangaza kwamba kesi yangu imekataliwa kwa kukosa kuaminika, na ninazo siku thelathini za kukata rufaa. Walipiga makofi.

Akaja Nyirabizimana. Hakuwa na karatasi. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, akasema mlango unalia kwa sababu hauna mafuta. Perpetua anamwambia Leonora karibu chai. Leonora hajibu, maana huko ndani kuna mtoto anacheka, na kicheko kile anakijua. Ni kile kile cha mama mzazi wa Leonora, ambaye Leonora alimwacha kijijini na hakumwona tena. Leonora anasema hakuja kunywa chai. Anasema, "Mwite kwa jina nililomupa mimi." Perpetua anakataa. Leonora anangoja. Perpetua anakataa tena, sauti imeanza kukauka. Leonora anangoja tu, hana haraka tena. Mwishowe Perpetua analitaja lile jina, polepole. Na mle ndani mtoto, ambaye hajawahi kuitwa hivyo, anaitika.

Akafumbua macho. Ilikuwa imekwisha.

Nilisikia wanawake wakilia, Pélagie akiwa wa kwanza. Musoni alijifanya anatengeneza waya. Nami nililia, siwezi kuficha. Nililia kwa sababu haikuwa na muundo wowote! Hakuna gauni jeupe, hakuna jeneza. Miaka hakuitaja hata mmoja.

Kiti amepewa yeye.

Jumapili, 17 Julai

Asubuhi nimeanza rufaa. Siku thelathini si nyingi. Viviane anadai ulikuwa utani. Neno la siku thelathini alilisema mbele ya mashahidi zaidi ya mia.

Mpango wa rufaa una sehemu kumi na mbili. Kila mhusika atapata jalada jipya. Chati itakuwa ya karatasi nane, safari hii bila uji. Farasi anabaki. Nitathibitisha kwamba risasi ile ilimkosa.

Baada ya ibada Nyirabizimana alikuja nyumbani na mahindi ya moto. Kumbe kweli macho yake ni mabovu. Jumamosi ijayo Musoni ataweka filamu mpya, naye picha hazioni. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mwalimu, miye naona giza tu. Kuja tuikale pamoja fasi moja, wewe uniambie bile unaona mu picha, miye niseme. Bila wewe, Mwalimu, sitaweza." Musoni ameshakubali kuweka kiti cha pili. Majirani wamekwisha kujua, kwani alipokuwa akiondoka watoto wa njiani walinisalimia, "Mwalimu, jambo!" Pélagie alinitazama kana kwamba kuna jambo kubwa limetokea, akaniletea chai bila kuombwa.

Nimemwambia Nyirabizimana kwamba haitawezekana. Nina kazi nyingi. Nipo sehemu ya tatu tu kati ya kumi na mbili, na mishale bado. Lakini rufaa ikikubaliwa, kiti kile kitakuwa changu peke yangu, na hapo huenda siku moja mtu mmoja hapa Kashojwa akaniita Mwalimu.