Geti la Mwalimu Daftari

Habari iliyozua mjadala asubuhi ile ilikuwa ukurasa wa sita wa gazeti, chini ya tangazo la magodoro. Kinyozi, ambaye hapo kijiweni mbele ya duka lake hujulikana kama Wembe, aliisoma kwa sauti ya mtu anayehutubia umati: "Jifunze kuchomelea kwa gesi nyumbani kwako, siku saba tu. Huhitaji fundi!"

"Siku saba?" alidakia muuza kahawa, birika mkononi. "Mimi jiko hili la mkaa tu lilinitesa mwaka mzima."

Wote walimgeukia Cheche, fundi wa kuchomelea, ambaye miaka thelathini ya moto imemwachia nyusi chache na maneno machache zaidi.

"Mwulizeni Daftari," alisema, akipuliza kahawa yake. "Msomi wa somo hilo ni yeye."

Daftari, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi mwishoni mwa benchi, kiganja kikifunika chokaa iliyomchafua gotini. Alifika mapema akiwa na ombi moja tu kwa Cheche, na mpaka sasa alikuwa hajalitoa. Wiki iliyopita, papa hapa, Cheche alimsihi achezee vyuma chakavu kwa mwezi mzima, ajifunze kuusoma moto, ndipo aguse kitu cha maana. Naye Daftari akamjibu kwamba ufundi ni fizikia tu iliyokosa shule.

"Enhe, mwalimu, lile geti lako?" aliuliza Wembe.

"Limekamilika. Jana jioni."

"Limeshika?"

"Limeshika mno."

"Mwizi akija?"

"Hawezi kulifungua." Daftari alilisema hilo kwa unyofu wote, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu.

"Hata akija na mtarimbo?"

"Hata akija na ukoo wake mzima."

"Umesikia, Cheche? Funga karakana, kaka, njoo nikufundishe kunyoa!"

"Na shemeji yetu amelipenda?" aliuliza muuza kahawa.

"Analitazama sana," alisema Daftari. "Tangu alfajiri."

Hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo lile bila kulieleza. Moto wake ulikuwa umezidi. Chuma kikayeyuka, kikatiririka ndani ya bawaba zote tatu na kuganda pamoja na pini zake. Geti likawa ukuta. Yeye alitoka kwa kuparamia ukuta wa uzio, uliopakwa chokaa. Mkewe, mwenye goti bovu na tiketi ya basi la saa saba kwenda kumwona mdogo wake aliyejifungua mapacha, alibaki ndani na begi lake.

"Hiyo chokaa gotini, mwalimu," alisema Wembe, "umepaka rangi ukuta?"

"Nilipita karibu nao."

"Kwa goti?"

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Cheche peke yake hakucheka.

"Pini za bawaba ulizichomoa kwanza?" aliuliza taratibu.

"Video niliyojifunzia haikusema."

"Ukalijaribu geti kabla chuma hakijapoa?"

"Nilikwenda kuandika maelezo."

Daftari aliitazama saa yake, akamtazama Cheche, kisha akayatazama makombo ya heshima yake na kuona hayamfikishi mbali.

"Cheche, ndugu yangu, nakuomba," alisema. "Geti halifunguki. Mke wangu yumo ndani."

Wembe alipaliwa na kahawa. Cheche aliinama, akavuta mkoba kutoka chini ya benchi na kuufungua: msumeno wa chuma, patasi, nyundo, bawaba tatu mpya.

Daftari aliduwaa. "Ulijuaje zinahitajika tatu?"

"Shemeji alinipigia saa moja. Nikamwambia nakuja sasa hivi, akanikataza. 'Kaa naye hapo kijiweni, shemeji. Usinyanyuke mpaka aombe kwa mdomo wake.'"

"Na basi lake je?"

"Nilimuuliza hilohilo. Akasema nisihangaike, anavyokujua, saa nne utakuwa umeshaomba." Cheche aliitazama saa ya ukutani kwa kinyozi. "Saa nne na dakika mbili. Haya, twende. Ila kuna agizo moja zaidi."

"Agizo gani?"

"Geti likishafunguka, kila mtu ataingilia hapo isipokuwa wewe. Wewe urudi ulikopitia."

Wembe alikuwa ameshafunga duka lake ili asipitwe. Daftari alishusha pumzi, akainama, akaanza kukunja suruali.