Mlinzi Aliyenivunjia Kitasa Janja

Mpangaji wa Namba Tisa,
Ghorofa ya Tatu, upande wa ngazi.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji,
Ghorofa ya Chini, mlango wenye pazia la shanga.

YAH: OMBI LA KUMWONDOA MLINZI KAZINI KABLA HAJAMSAIDIA MTU MWINGINE

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiacha goti lako la kushoto ambalo nasikia linakusumbua tangu Jumanne. Pole sana. Aliyenipa habari hizo ni mlinzi wetu, Mzee Tochi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Iweje taarifa za goti la kiongozi ziwe mikononi mwa mtu asiye na nenosiri?

Kesho saa nne asubuhi wapangaji wa milango kumi na mitano watapiga kura: ama Mzee Tochi abaki langoni, ama aende zake na nafasi yake ichukuliwe na Lango Janja, mtambo wa kamera na simu nilioupendekeza mimi mwenyewe na ambao tumeujaribu kwa majuma mawili. Kwa hesabu zangu saba wanamtaka mzee na saba wanautaka mtambo. Kura ya kumi na tano ni yangu. Daktari amenikataza kushuka ngazi hadi Jumapili, kwa hiyo naomba barua hii isomwe mkutanoni na ihesabiwe kuwa ndiyo kura yangu. Kanuni waijua kuliko mimi: kura zikilingana, mambo hubaki yalivyo.

Najua pia kwamba hupendi kusoma kwenye simu, ndiyo maana nimeandika kwa mkono, kitu ambacho sijakifanya tangu shule. Karatasi hii imetoka kwenye daftari la vipimo la fundi cherehani wa namba kumi. Nakuomba uyapuuze maneno "kiuno, mikunjo miwili" pale juu kulia.

Kwa kazi mimi ni karani wa bohari ya vigae, lakini kwa wito ni mpenzi wa teknolojia. Nina ukurasa mtandaoni ambapo nafungua maboksi ya vifaa vipya, na watu elfu mbili na mia nne hunitazama nikifungua. Nina taa inayokataa kuwaka mpaka isasishwe. Nina birika linalonitumia ujumbe kwamba maji yamechemka, hata nikiwa nimesimama kando yake. Nasema haya ili ujue kwamba anayelalamika si mbumbumbu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlinzi hana nakala ya akiba. Anachotumia kutulinda ni ubao wenye misumari safu mbili na vizibo vya soda vilivyotobolewa, kimoja kwa kila mlango. Ukitoka asubuhi ukamsalimu, anahamisha kizibo chako kutoka msumari wa kushoto kwenda wa kulia. Ukirudi, anakirudisha. Basi. Huo ndio mfumo wa usalama wa jengo zima katika zama hizi! Nilimuuliza ikiwa ubao huo ukiungua taarifa zetu zitapatikana wapi. Akajigonga kichwani kwa ile tochi yake iliyofungwa utepe mweusi, anayotembea nayo hata mchana kweupe, akasema, "Humu, mwanangu. Na humu hamjawahi kuomba chaji." Ni kweli kwamba hajawahi kusahau kitu. Anakumbuka siku niliyohamia, rangi ya sanduku langu, na kwamba nilimdanganya kuwa najua kupika. Lakini kumbukumbu isiyoweza kufutwa, Mama Mwenyekiti, ni hatari kwa faragha.

2. Salamu zake ni ndefu kupita kiasi. Nimezipima. Kwa wastani salamu moja inachukua dakika nne na sekunde kumi, kwa kuwa hamwachi mtu mpaka amuulize kalalaje, kazi inaendaje, kile kikohozi kimeishia wapi, na mama yake mzazi anasemaje. Kwa nia njema kabisa nilimfungia kishikwambi ukutani chenye nyuso tatu, ya kucheka, ya kununa na ya katikati, ili kila mpangaji aguse hali yake apite. Mzee akagusa mwenyewe uso wa kucheka, akakishukuru kishikwambi, kisha akanigeukia, "Haya, sasa wewe umeamkaje?" Nilichelewa kazini.

3. Amehujumu majaribio. Juma la kwanza, fundi cherehani wa namba kumi alibadilisha msuko, na Lango Janja likamwita mgeni. Alisimama juani na furushi la sare za shule akijieleza kwa kamera. Mtambo ungemzoea baada ya majaribio arobaini, kama kijitabu chake kinavyoeleza wazi, na yeye alikuwa kwenye la kumi na tisa tu. Mzee Tochi akashindwa kuvumilia, akamfungulia kwa ufunguo wa chuma. Kwa kitendo hicho jaribio likafa.

Kisha kuna suala la kinyozi wa namba sita. Wote tunajua kwamba kinyozi alichapisha fulana zenye picha ya uso wake kifuani, akawagawia wateja kutangaza kazi. Mtambo ukawa unamwona kinyozi kila fulana ilipopita. Wateja walipogundua kwamba kifua chao kinafungua lango la watu, wakaja kwa wingi kushuhudia maajabu. Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, siku ile kinyozi aliingia mara kumi na moja na hakutoka hata mara moja. Badala ya kuacha takwimu zijikusanye, mzee aliweka kiti chake katikati ya njia akawaambia, "Kinyozi wetu ana kovu kwenye nyusi na akicheka anakohoa. Nyie nendeni mkacheze mbele." Mtu anayewatambua watu kwa kikohozi hawezi kuelewa maendeleo.

4. Amenidhalilisha mbele ya wapangaji. Mimi hutazama mubashara kiota cha ndege kilicho juu ya mnara katika nchi ya mbali. Tunakitazama watu elfu arobaini. Nawajua vifaranga wote watatu kwa majina. Yule mdogo anaitwa Nukta, na alipokosa samaki siku mbili niliandika ujumbe mrefu wa kumtia moyo. Nilikuwa namsimulia mzee habari hizi langoni, wapangaji wakipita, naye akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na jirani yako wa namba kumi, anaitwa nani?" Sikujua. Tunatumia ukuta mmoja kwa miaka mitatu. Mlio wa cherehani yake nilidhani ni pampu ya maji, na nilishawahi kuiandikia kamati malalamiko. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

5. Amevunja kitasa changu janja. Hapa, Mama Mwenyekiti, naomba usome polepole, na ukiwa mkutanoni naomba upaze sauti.

Kitasa hicho hufunguka kwa sauti yangu tu, ndani na nje. Funguo za kawaida nilizitupa kwenye pipa la taka mbele ya kamera, na ile ndiyo video yangu iliyopendwa kuliko zote. Jumatano ya juma lililopita nikashikwa na homa. Alhamisi sauti ikakauka kabisa. Nilijikokota hadi mlangoni nikasema "fungua" kadiri nilivyoweza, na kitasa kikajibu, "Sauti haitambuliki. Jaribu tena ukiwa mchangamfu." Nikajaribu tena. Uchangamfu haukuwepo.

Kabla simu haijazima nilituma picha ya kipimajoto mtandaoni. Nilipata mioyo mia tatu na kumi na miwili. Wanane walitaka kujua kipimajoto ni cha aina gani, na mmoja akasema chake kina skrini bora zaidi. Nami nilimjibu, Mama. Niko hoi bin taabani, na nikambishia.

Ijumaa nilikuwa sakafuni nyuma ya mlango. Roboti langu la kufagia lilikuja, likanigonga sikio mara tatu, likarudi nyuma, likatangaza kwamba limegundua fanicha mpya na limerekebisha ramani ya sebule. Kule langoni Lango Janja lilikuwa limeandika hivi, na nakala ninayo: "Namba Tisa: yupo ndani. Utulivu: asilimia mia moja. Hongera!"

Kwa kuwa barua hii ni rasmi, niseme kweli yote. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nililia bila sauti, maana sauti yenyewe sikuwa nayo. Niliwaza kwamba vitu vyote nyumbani mwangu vinajua nilipo, na hakuna hata kimoja kinachojua kwamba nakufa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikasikia ngazi. Mzee Tochi alipanda ghorofa tatu na miguu yake ile, akisimama kila mahali kupumua, mkono mmoja tochi, mwingine mtaimbo. "Namba tisa!" akaita. "Kizibo chako kimelala siku mbili! Nisemeshe!" Wajibu wangu ulikuwa kumwelekeza awasilishe ombi la kuingia kupitia programu, lakini sauti haikutoka. Akapiga mara tatu. Kitasa kilichoshinda tuzo ya ubunifu katika nchi mbili kikaanguka karibu na pua yangu kikisema, "Karibu nyumbani." Waranti imekufa hapo hapo.

Daktari anasema jioni ya siku ile isingenikuta hai. Hiyo ni hoja ya kitabibu, na haihusiani na waranti.

6. Madhara yanaendelea. Nimerudi kutoka hospitali Jumatatu na mlango wangu haufungiki, na tangu Jumatatu hiyo sijala peke yangu hata mara moja. Fundi cherehani huingia na uji bila kutambuliwa na kifaa chochote, ananishika paji la uso kwa kiganja, na kiganja hicho hakina skrini. Sasa jina lake nalijua, pia la mama yake, na la mteja anayemsumbua kwa magauni. Kinyozi amekuja kuninyoa akiwa yeye mwenyewe, bila fulana, akacheka akakohoa. Mzee Tochi huja mchana, anakaa ukingoni mwa kitanda, na salamu yake jana ilichukua dakika arobaini na mbili. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Ratiba yangu ya kutazama kiota imevurugika, na sijui Nukta ameruka au la.

Najua mkutanoni watakuwepo wa kusema asante ya punda ni mateke. Nawajibu mapema. Suala hapa ni mfumo, si mtu. Leo mzee mmoja ameangalia kizibo akavunja mlango mmoja. Kesho kila mtu jengoni ataanza kuangalia vizibo vya wenzake. Atakayechelewa kuamka atagongewa, atakayenuna ataulizwa, atakayelia atasikika ukuta wa pili. Tutakuwa watu tunaojuana. Je, ni nani atakayenunua vifaa?

Kwa hiyo, kwa akili timamu na joto la mwili la kawaida (limepimwa kwa kiganja), naomba: ubao na vizibo vyake vihifadhiwe stoo, tochi ipewe mapumziko ya heshima, mzee apewe barua ya shukrani yenye muhuri, na Lango Janja lianze kazi rasmi Jumatatu. Kura yangu ni kwamba aondoke.

Nakushukuru kwa subira yako na kwa miaka mingi uliyotusuluhisha ugomvi wa kamba za kuanikia. Nisalimie mumeo, na wajukuu, na kinyozi, wa kweli na wa fulana, na wote wa ghorofa ya chini wanaosikia mizigo yangu ikishushwa ngazini na kuvumilia. Fundi cherehani yuko hapa anatia vifungo shati langu, anakusalimu, na anasema gauni lako liko tayari.

Wako mtiifu, katika kulitafuta jengo lisilohitaji mtu,

Mpangaji wa Namba Tisa
(doa kwenye sahihi yangu ni la uji wa moto, si la kitu kingine)

N.B. (naandika nyuma ya bahasha, mzee akisubiri mlangoni) Kwa kuwa siruhusiwi kushuka, barua hii nimemkabidhi Mzee Tochi mwenyewe akuletee. Aliuliza kama ni ya haraka. Nilitazama mlango wangu uliofungwa kwa kamba, nikamwambia haina haraka yoyote, hata akiifikisha Jumatatu, mkutano ukiwa umekwisha, si neno. Akaipima bahasha mkononi. "Jumatatu mbali, mwanangu," akasema. "Na uzee huu, naweza nikaisahau kabisa." Nimemwambia asijali.