Sekunde Hamsini za Kunyamaza

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimepata wazo. Kubwa! Limenijia nikidurufu cheti cha kuzaliwa cha mteja hapa dukani kwangu, karibu na stendi ya Buzuruga. Nimeharibu karatasi nne kwa furaha.

Jumapili ya tarehe 18 wanachama wa tawi letu la chama watachagua nani agombee uenyekiti wa mtaa. Tumejitokeza wawili. Mimi, Obedi Shigela, mwenye duka la vifaa vya ofisi, mtu wa fikra. Na Lukman, fundi simu, mtu wa bisibisi. Kila jioni watu kama ishirini hukaa kwenye benchi lake, wanakunywa kahawa na kumweleza shida zao. Yeye hasemi chochote cha maana. Anasikiliza tu! Sielewi wanafuata nini.

Wazo lenyewe: mazungumzo. Nitawaalika watu wazito tuzungumzie akili ya binadamu, maadili, dini na siasa. Nitarekodi kwa simu na kuweka mtandaoni. Watu wakiniona nimekaa na wenye hekima, watajua na mimi ni wa humo humo.

Mke wangu, mama Queen, kauliza kama tutakizungumzia kile kidaraja cha mtaroni kilichochukuliwa na mvua za Aprili. Watoto wanaruka mtaro kwenda shule. Nimemweleza kwa upole kwamba mambo ya akili hayaanzi na vidaraja.

Kaenda kuosha vyombo. Nadhani ameelewa.

Alhamisi, 8 Mei

Mazungumzo ya kwanza: dini na maadili. Wageni ni Sheikh Nurudin na Mchungaji Maige. Mpango wangu wa siri: wagombane. Sauti zikipanda, mimi nasimama katikati, nanyoosha mikono yote miwili, napatanisha. Mama Queen anarekodi. Mtaa mzima unaona kiongozi.

Tumekaa juu ya jiwe kubwa kando ya ziwa. Nimeanza na swali la moto kabisa: nani ataingia peponi? Sheikh kasema hajui, yeye mwenyewe anaomba kila siku awemo. Mchungaji kasema na yeye ni hivyo hivyo. Maafa! Nikaongeza kuni: je, mtu mwema asiyeswali wala kusali?

Wakatazamana. Wakaanza kucheka! Kumbe walisoma darasa moja utotoni. Wakiwa na miaka kumi na moja waliiba mtumbwi, ukapinduka. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hakuwahi kukanyaga msikitini wala kanisani, akawavuta majini mmoja mmoja kwa kola ya shati. Walipomshukuru, akawajibu kwamba wangekuwa kambale angefurahi zaidi.

Hapo sheikh akaacha kucheka. Akasema kwamba tangu siku ile, katika dua zake, hajawahi kuacha kumtaja mzee yule. Mchungaji akamgeukia taratibu. Kauliza, kila siku? Sheikh kasema kila siku. Mchungaji akavua miwani. Akasema, "Na mimi pia, Nurudin."

Miaka hamsini! Wanaume wawili, nyumba mbili za ibada, jina moja, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake mpaka leo, juu ya jiwe langu. Wameshikana mikono kama watoto. Mimi vinyweleo vimesimama mpaka shingoni. Ziwa lenyewe nimeliona limekuwa kubwa kuliko jana.

Kisha nikakumbuka uchaguzi. Nimewaomba wagombane hata kidogo, hata kuhusu siku ya mapumziko. Wamekataa.

Waliotazama mtandaoni: thelathini na mmoja. Kumi na mmoja kati yao ni mimi. Maoni karibu yote yanamhusu korongo aliyesimama nyuma ya kichwa changu muda wote. Mmoja kasema korongo anafanana na mgombea.

Jumatatu, 12 Mei

Mazungumzo ya pili: akili ya binadamu. Mgeni ni Sista Wilhelmina, nesi mstaafu, miaka thelathini na minne katika wodi za wagonjwa wa akili. Amevuka kwa kivuko kutoka Sengerema, na kikapu cha machungwa mkononi. Nilikuwa nimenakili maneno magumu kumi na mawili kutoka kwenye kamusi. Nimefanikiwa kutumia matatu. La pili hakulielewa. Mimi pia.

Nimemuuliza akili ni nini hasa. Kasema hajui, ila atanieleza alichokiona. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, kijana, aliyekaa wodini miaka minne bila kutamka neno. Madaktari walikuja, wakaondoka. Yeye Sista, kila siku saa nne asubuhi, alivuta kiti karibu na kitanda, akamweleza hali ya ziwa. Leo lina mawimbi. Leo limetulia. Dakika tano tu, kisha anaendelea na dawa za wengine. Siku moja akashikwa na malaria, hakwenda kazini. Aliporudi, akavuta kiti kama kawaida. Yule mwalimu akageuza shingo, akamtazama usoni, akasema: "Jana hukuja."

Miaka minne alikuwa anasikia! Anasubiri saa nne! Sista kasema tuliona mlango umefungwa tukadhani nyumba haina mtu. Mama Queen alikuwa analia huku anarekodi. Mimi nilisahau hata kwamba nagombea. Nilikaa nikiwatazama wapita njia pale ufukweni, muuza karanga, mama wa dagaa, nikawaza kila kichwa kile kina mtu ndani yake. Kila kimoja!

Basi Sista akaninyooshea chungwa na kuniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe baba, mara ya mwisho kubadili mawazo yako kwa sababu ya maneno ya mtu mwingine ilikuwa lini?"

Nikatafuta. Mwaka huu, hapana. Mwaka jana, hapana. Nikarudi nyuma mpaka nikiwa darasa la sita. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Sekunde hamsini! Kisha nikasema asante Sista, karibu tena.

Fedheha. Nimemwambia mama Queen akikate kile kipande.

Jumatano, 14 Mei

Amekata kile kipande. Amekitoa peke yake na kukiweka mtandaoni!

Watazamaji elfu tisa! Sikuamini, nimehesabu tarakimu kwa kidole. Mtu wa Nyamagana kaandika kwamba hajawahi kuona mwanasiasa anayefikiri kabla ya kujibu. Mwingine kasema uso wangu ni wa mtu anayepima nafsi yake. Mama mmoja kasema kanyamaza pamoja nami hadi mwisho, kisha akampigia simu dada yake.

Lukman amekuja dukani kunipongeza. Anajifanya muungwana. Kasema swali la Sista limemsumbua usiku kucha, mpaka leo asubuhi akaenda Buhongwa kumwomba radhi kaka yake, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa baba yao. Macho yalikuwa mekundu. Kasema, "Obedi, ndugu yangu, umetusaidia sana."

Masikini. Ameliacha swali likaingia ndani! Mimi tayari niko kwenye mkakati. Kama sekunde hamsini zimeleta watu elfu tisa, dakika tatu nzima za kujieleza mbele ya wanachama zitaleta nini? Sitasema neno.

Ijumaa, 16 Mei

Mazoezi. Mteja ameuliza bei ya kalamu. Nimetazama mbali, nikapima nafsi. Ameuliza tena. Ameondoka. Mwingine kamwita jirani aje aone. Saa sita mama Queen alifika na bajaji ili anipeleke hospitali, akidhani nimepata kiharusi. Nilitaka kumweleza, ila nilikuwa katikati ya zoezi la pili. Nimepimwa presha. Iko sawa.

Jumapili, 18 Mei

Siku yenyewe. Uwanja wa tawi umejaa, watu mia na zaidi. Nimeitwa kwanza. Nimesimama, nimevua miwani, nimetazama upande wa ziwa.

Dakika ya kwanza, kimya kizito. Cha ajabu! Nilisikia bendera ikipepea. Watu wote wale wakinisubiri mimi! Dakika ya pili mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono, akauliza tutafanya nini kuhusu kidaraja, maana juzi mwanawe katumbukia mtaroni akavunjika mkono. Nikamtazama kwa kina. Akauliza tena, sauti inatetemeka. Nikaendelea kumtazama kwa kina. Dakika ya tatu ikaisha.

Lukman akaitwa. Kasema mbao hana, fedha za mtaa hazijui, ila koleo analo. Kesho saa moja asubuhi atakuwa mtaroni, ashinde asishinde, atakayependa aje. Kisha akamuuliza yule mama jina la mtoto. Akakaa. Hakumaliza hata dakika moja! Mzembe.

Katibu akatangaza kila mwanachama apange mstari nyuma ya anayemtaka. Mstari wa Lukman ukafika hadi barabarani. Wangu ulikuwa na mzee Shimba peke yake. Nikamshukuru. Kasema upande wangu una kivuli.

Na katika mstari wa Lukman, wa saba kutoka mbele, kitenge cha njano. Mama Queen.

Nimemuuliza tukiwa njiani kurudi. Hakukwepa. Kasema, "Baba Queen, mume wangu ni wewe. Mwenyekiti ni Lukman." Kisha akanishika mkono, na hakuniachia mpaka nyumbani. Imeniuma. Nimeshangaa pia kwamba moyo wa mtu mmoja unaweza kubeba mambo mawili namna hiyo bila kupasuka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka kwa kelele za makoleo. Mama Queen hayupo. Nimechukua koleo langu, nimetoka.

Mtaroni nimesimama. Mtaa wote! Sheikh na mchungaji wamekunja suruali, wanapokezana jiwe moja kubwa na kukumbushana habari za mtumbwi. Yule mwanamke wa jana anachanganya zege, mtoto wake mwenye bandeji anahesabu mbao kwa sauti. Lukman yuko ndani ya maji hadi magotini, anapokea maelekezo kutoka kwa kila mtu. Hakuna aliyelipwa. Hakuna anayerekodi! Nani kawaamuru? Kitu gani ndani ya kichwa cha mtu kinamwamsha akabebe jiwe la wenzake? Nilitaka kumwita mtu nimweleze, lakini wote walikuwa na kazi.

Mama Queen ameniona. Amesogea pembeni, ameniachia nafasi kwenye mstari, kati yake na Lukman. Nimeshuka hatua mbili. Watu wamenipigia makofi.

Makofi! Hapo hapo limenijia. Daraja linajengwa, sawa, lakini nani atalizindua? Hawajafikiria kabisa! Panahitajika hotuba, dakika arobaini hivi, kuhusu akili, maadili na dini.

Nimemkabidhi mama Queen koleo, nimekimbilia dukani kutafuta utepe mwekundu.