Laptopu Yangu Ipewe Barua ya Sheha

Kwa Mheshimiwa Sheha,
Malindi, Unguja.

Assalaam alaykum. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, lakini leo nakuandikia kwa adabu zote, kwa kuwa nna shida.

YAH: KADI YA MTANDAO

Kila Ijumaa baada ya sala huonana na dada yangu Zeyana, aliyeko Maskati, kwenye laptopu. Intaneti ni ya jirani Salem, kwa idhini yake. Laptopu yenyewe ya zamani, haikuzaliwa na intaneti tumboni; inataka kadi ya kuchomeka ubavuni, ukubwa wa kipande cha halua. Kadi imekufa. Wiki ya tatu hii sijamwona Zeyana. Kwenye simu uso wake huwa kama kokwa ya tende, na macho yangu unayajua.

Malalamiko ni haya:

1. Mke wangu, Bi Mwatima, aliifukiza udi kanzu yangu ya Ijumaa, kadi imo mfukoni. Mimi huichomoa kila nikimaliza kuongea, kama ufunguo wa mlango, asije akaingia mtu. Basi kadi ikapinda kwa moto. Simlaumu, maana sasa inanukia kuliko mimi.

2. Nikaipeleka kwa fundi Ridhwan, Kiembe Samaki. Akainusa kwanza, kisha akaniambia: "Mzee wangu, kadi hizi hazitengenezwi tena. Nunua laptopu mpya." Nikamuuliza, na magoti yangu je, nayo hayatengenezwi tena, anunuliwe babu mpya? Akasema hilo nimuulize Bi Mwatima. Nshamuuliza. Bado anafikiri.

3. Ridhwan anadai huko kiwandani wanaamini laptopu kama yangu hazipo tena duniani. Huu ni uzushi. Yangu ipo mezani, imefunikwa kitambaa cha kudarizi.

Sasa, mtu akiambiwa hayupo, si huja kwako akapewa barua? Naomba laptopu yangu iandikiwe kuwa ni mkaazi halali wa shehia hii, mwaka wa kumi na saba, haijahama wala haina kesi. Nimeambatanisha picha mbili za pasipoti. Katika moja imefumba, ndivyo inavyolala. Muhuri ukolee, usomeke kiwandani.

4. Ikishakuwa mkaazi, itadai kitambulisho, na uchaguzi ukija itataka kupiga kura. Sitaishawishi.

5. Ukishindwa kuthibitisha kuwa ipo hai, basi thibitisha kuwa imekufa. Nipe kibali cha maziko, ofisi ifungwe siku tatu, na chai ya msibani itoke kwako.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa Bi Nadra anayeshika muhuri. Mwambie wino asiubanie.

Ni mimi, mchukuzi mstaafu wa bandarini,
Pandu Simai

Tanbihi: Zeyana kapiga simu sasa hivi. Anasema wiki tatu hajaniona, kashindwa kuvumilia, kakata tiketi. Jumanne anakuja, atakaa mwezi mzima. Mwaka wa kumi na moja huu hajakanyaga Unguja, kila nikimwita husema nauli ya nini na sisi tunaonana kila Ijumaa. Kwa hiyo barua usiiandike. Na Ridhwan akipata kadi, tafadhali mweke hapo ofisini kwako mpaka ndege itue.