Daktari wa Majedwali

Mjini kulikuwa na mtu aliyeitwa Daktari. Hakuwahi kumtibu hata paka. Jina hilo alijipa mwenyewe, siku alipogundua kwamba watu hawapendi kumhoji daktari.

Alikuwa kwenye duka la fotokopi akichapisha kadi za kumtambulisha kama mshauri, bila kusema wa nini, alipomsikia Mama Mahema akilalamika. Mama huyu alikodisha mahema na viti vya sherehe. Amenunua programu ya kusimamia matumizi ya kampuni, alisema, lakini gharama zake zote za nyuma, mafuta ya lori, kamba, posho za vibarua, zimekwama kwenye majedwali ya zamani ya kompyuta.

"Kuzihamisha ndiyo kasheshe," alimwambia mwenye duka.

Daktari akakohoa kitaalamu. "Samahani mama, nimesikia bila kukusudia. Hiyo si kazi ya kugusagusa. Ukikosea kidogo tu, hesabu zinavuja damu."

"Wewe unaiweza?"

"Mama, mimi nahamisha hata usingizini."

Ukweli ni kwamba alichojua ni kitu kimoja: programu za namna hiyo zina kitufe cha kuingiza faili. Unabonyeza, imekwisha. Mpango wake ulikuwa kubonyeza mara moja, kisha kuguna mbele ya kompyuta wiki nzima na kuondoka na donge nono. Wakakubaliana bei, malipo kazi ikiisha.

"Na chakula, chai, usihangaike," akasema Mama Mahema. "Utapata hapahapa ofisini."

Asubuhi Daktari akajifungia ofisini, akabonyeza. Programu ikafikiri kidogo, ikamrudishia mistari yote, myekundu kama macho ya mlevi. Akaisogelea. Kwenye safu ya tarehe mtu ameandika "siku ya mvua kubwa". Kwenye kiasi, "kama juzi". Kwenye jina la aliyelipwa, "yule mrefu".

Mwenye akili angetoroka. Daktari alikuwa nazo, ila majivuno yalizizidi. Angeuweka wapi uso wake, kushindwa na kampuni ya viti? Basi akaanza kuulizia. Akawapigia madereva awaulize mvua kubwa ilinyesha lini. Akamtafuta yule mrefu, akakuta warefu wako wawili na wote wanadai ndio waliolipwa. Shati likaloa jasho. Akalitazama kwa mshangao, kama mtu aliyejikuta amevaa nguo ya jirani.

"Hivi mimi ni tapeli wa aina gani," alijiuliza, "ninayetapeliwa na kazi?"

Lakini akaendelea. Hatimaye mistari yote ikapita, ya kijani kibichi, na Daktari akamwita Mama Mahema kwa sauti ya baba aliyepata mtoto wa kwanza.

"Hongera, Daktari! Umebaki ukurasa mmoja, wa mtu anaitwa Mgeni. Uingize, halafu tuone malipo yako."

Ukaingia mara moja, bila hata mstari mmoja kukataliwa. Daktari hakujisumbua kuusoma. "Huu umeandikwa na mtu makini," alisifu.

"Nimeuandika mimi. Mgeni ni wewe."

Ndipo akausoma. Chakula cha mchana, kila siku. Chai. Umeme. Vocha za kuwapigia madereva. Kodi ya kiti alichokalia, kwa bei ya sherehe. Programu ilikuwa imeshatoa yote hayo kwenye ujira wake, na chini kabisa ikaandika kiasi ambacho yeye anadaiwa.

"Mama! Si uliniambia nisihangaike?"

"Kwani ulihangaika kula?"

Daktari akaisukuma kompyuta pembeni. "Ulinijua tangu lini?"

"Tangu pale dukani, mwanangu. Waaminifu niliwaita kwanza. Waliyaona mafaili, wakasema hawawezi, wakaenda zao. Nikaona nitafute mtu anayeona haya kusema hajui."

Daktari akatoa vijisenti vilivyokuwa mfukoni, akavihesabu mezani, na akashukuru kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Kwenye ngazi akasimama, akacheka peke yake mpaka mlinzi akamfuata.

"Uko salama, kaka?"

"Niko salama," alisema akijifuta machozi. "Nimeibiwa na mtu anayeijua kazi yake."