Samaki wa Mawe wa Kazuramimba

Gari jeupe lilisimama ghafla mbele ya kibanda cha Hamdani pale Mwanga, karibu na ziwa, likiwa bado na vumbi la Tabora. Hamdani alichaji simu za watu kwa sola na kufufua zilizokufa; zilizokataa kufufuka, aliwafariji wenyewe kwa malipo kidogo. Akashuka mzee mwenye kofia pana na daftari, akauliza kama kuna anayejua mahali pa kupata visukuku.

"Shikamoo, mzee. Visukuku vya nini hasa?" aliuliza Hamdani, kana kwamba anavyo vya aina saba.

"Marahaba. Viumbe wa kale waliogeuka mawe. Naitwa Oswald. Tangu Dar es Salaam nimesimama vituo kumi na kimoja. Nimepata konokono wawili na jino, na jino lenyewe nadhani ni la punda wa juzi."

"Na kibali unacho?"

"Kibali kinachelewesha elimu. Nina watu ng'ambo wananunua bila maswali."

Hapo roho ya Hamdani ikatulia. Kumdanganya mtu mwema kulimkosesha usingizi. Kumdanganya mwizi aliona ni huduma kwa jamii.

"Barabara ya Uvinza ina vituo vitatu," alisema. "Simbo, Kandaga na Kazuramimba. Samaki watupu. Ziwa lilifika kule kabla ya babu yake Adamu. Ila wazee wa huko lazima waarifiwe kwanza. Nipe siku nne."

Akateremka hadi Kibirizi kwa Winfrida, mjane aliyeanika samaki mchangani. Kila masika tope lilimharibia nusu ya samaki, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kongo. Alichokosa ni wavu wa chuma wa kutengenezea chanja, samaki wakae juu.

"Nigandamizie migebuka kumi na wawili kwenye udongo, wakauke, alama zibaki," Hamdani alimwambia. "Ni mapambo ya hoteli. Kabla ya Jumamosi nakuletea wavu, bunda zima."

"Wewe? Turubai la mwaka juzi liko wapi?"

"Safari hii naapa kwa jina la mama."

Winfrida akaanza kuchagua samaki. Hamdani aliapa kwa vitu vingi, lakini mama yake hakuwahi kumtumia kazini.

Hamdani akawahi kuwafukia samaki hao vituoni, na Alhamisi safari ikaanza. Huko Simbo, Oswald alichimba pale alipoonyeshwa, akatoa samaki wa kwanza. Kule Kandaga aliwafunga wengine kwa taulo lake la kuogea. Walipofika Kazuramimba, wakakuta mbuzi watatu wameshafukua kituo wenyewe na wanalamba visukuku kwa bidii.

"Mbuzi wa huku wanapenda historia," alisema Hamdani.

Oswald akawafukuza, akaokota jiwe, naye akalilamba. "Ndivyo tunavyotofautisha mfupa na jiwe," alieleza. Akalilamba tena. "Chumvi."

"Ya bahari ya kale, mzee."

"Kijana, ziwa lenu ni maji baridi."

Hamdani akaelewa. Winfrida hakuwahi kumshika mgebuka bila kumtia chumvi. Mkono ulikwenda wenyewe.

Oswald hakukasirika, akacheka. "Kazi safi. Nikivipiga brashi, watu wangu hawatajua kitu." Akapakia vyote kumi na viwili.

"Na malipo yangu, mzee?"

"Malipo gani? Au twende polisi tukapatane bei mbele yao?"

Gari likaondoka. Hamdani akabaki na mbuzi, ambao nao walikuwa wanamlaumu.

Njiani kurudi, juu ya mizigo ya lori la mihogo, alitunga uongo wa kumwambia Winfrida. Akapata wa aina tatu, wote mzuri, na mmoja ulikuwa na msiba ndani yake. Lakini kila alipoufikisha mwisho, alimwona mama yake amesimama pale, anasikiliza.

Siku ya pili alifungua sola kwenye paa la kibanda, akaipeleka duka la vifaa vya ujenzi na kutoka na bunda la wavu begani. Wateja waliofuata simu zao waliziona zimezimika, wakamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Winfrida aliutazama wavu, akamtazama yeye. "Umemwibia nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Hoteli walipenda mapambo?"

"Waliyasifu. Hasa ladha."

Winfrida hakumwelewa, akaupapasa wavu. "Leo ni Ijumaa," alisema taratibu.

"Si nilisema kabla ya Jumamosi?" Hamdani akaokota nyundo. "Nipe misumari, dada, mvua inakuja."