Uzinduzi wa Kituo cha Seli Shina cha Komarock

Waheshimiwa wazee wa mtaa, mapasta na maimamu, wenyeviti wa korti zote za nyumba za mtaa, maafisa wa usalama mlio na sare na mlio na tai tu, mama mboga, watu wa boda boda, mliokuja kwa ajili ya soda na mliokuja kulalamika kwamba hema limeziba geti lenu: itifaki yote imezingatiwa! Mimi ni Mheshimiwa Jackton Owino, Mwenyekiti Mwanzilishi, Mratibu Mkuu, Mlezi wa Kudumu na, kwa kukosa mwingine, Mweka Hazina wa Kamati ya Muda ya Kituo cha Seli Shina, kamati ambayo wanachama wake kwa asilimia mia moja wananiunga mkono, nami ndiye mwanachama. (Makofi machache. Mke wake, Carolyne, anatazama chini.)

Ndugu zangu, kila seli ya binadamu wa kawaida ina kromosomu arobaini na sita, lakini wanaume wengine huzaliwa na X moja ya ziada, na kile kiwanda cha mbegu za uzazi hufunga milango kabla ya kuandika mfanyakazi hata mmoja. Mimi ninayo hiyo X. Arobaini na saba! Kaunti za Kenya ni ngapi? (Umati: "Arobaini na saba!") Basi utazameni ugatuzi, umesimama mbele yenu umevaa suti. (Kicheko.) Msicheke sana, ndiyo nyongeza pekee niliyowahi kupewa bila kuomba.

Sasa, kwa mujibu wa feasibility study niliyoifanya kitandani nikiwa nimekosa usingizi, teknolojia ni hii: unachukua seli za ngozi ya Mwenyekiti, unazirudisha utotoni zinakuwa seli shina, ile X ya ziada inatimuliwa, na hatimaye, within the implementation framework, zinafundishwa kuwa mbegu za uzazi. Huko ng'ambo panya wa maabara wamepata watoto kwa njia hiyo. (Sauti: "Na wa Komarock?") Panya wa Komarock, mheshimiwa, hawajawahi kuhitaji msaada wetu. (Kicheko kirefu.)

Mnajua kwa nini nina vyeo vingi? Hapa mtaani mtu akipata mtoto huitwa Baba Fulani, na mengine yanaisha. Mimi sina mtoto wa kunipa jina hilo, ndipo nikaanza kujiita Mratibu. Naye Carolyne akanyweshwa mitishamba ya shangazi zangu wote, michungu kama shubiri, ilhali hana ugonjwa wowote. Mgonjwa ni Mratibu. Iliniuma. Nikaona dawa ya aibu hiyo ni kuunda kamati. (Frankline, fundi wa vioo, anasimama na mkewe Koki.)

("Mheshimiwa, hata mimi niko na hiyo kitu," asema Frankline. "Daktari alisema mbegu hakuna. Hii clinic yako inafunguliwa lini?")

Swali zuri sana, ndugu Frankline, na litashughulikiwa ipasavyo katika awamu ya pili ya...

("Wacha awamu, Mwenyekiti," asema Koki. "Makao ya watoto wametuita Jumatatu. Kuna kasichana, nimekabeba, kakanishika kidole. Huyu anasema tusikachukue, tungoje dawa yako. Tukikosa kwenda wanakapea watu wengine. Iko ama haiko?")

(Mheshimiwa anageuza kurasa za hotuba. Anaziweka kando.)

Koki, mama, keti. La, usiketi, nisikize ukiwa umesimama.

Seli Shina! (Umati: "Juu!") Seli Shina! ("Juu zaidi!") Naam, ziko juu, na huko juu ndiko ziliko hadi leo; hakuna mwanaume hata mmoja duniani aliyepata mtoto kwa njia hiyo, na mimi sijui lini atapatikana. Mlezi ni mzazi! (Umati, kwa kusitasita: "Mzazi!") Semeni tena, Frankline hajasikia! ("Mzazi!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi, kwa kuwa hajawahi kuwepo na hivyo hakutusumbua. Nawashukuru madaktari wetu bingwa, ambao hatukuwaajiri. Nawashukuru wafadhili, ambao ni mimi. Kituo ni hema hili, na hema ni la kukodi. Namshukuru Carolyne aliyekubali nikate utepe uliofungwa kwenye viti viwili vya plastiki, akijua wazi nyuma yake hamna kitu, kwa sababu aliona jinsi nilivyotaka kiwepo. Nilitaka sana, jamani.

Frankline, Jumatatu ondokeni mapema. Kangundo Road ina jam mbaya asubuhi, na kasichana msikacheleweshe.